Sarafu za Kale Katika Chenji Yetu



Jioni hii twapenda kuzungumza nanyi juu ya kitu ambacho kila mtu hukigusa kila siku kwa vidole vyake, na ambacho ni wachache wanaokitazama kwa macho yao. Mtu huenda dukani kununua sukari, hutoa noti, naye mwenye duka humrudishia chenji. Mtu huyo huihesabu, na akiona haikupungua huitia mfukoni au huifunga katika pindo la kanga, akaenda zake. Ameihesabu, lakini hakuitazama. Kuhesabu ni jambo moja na kutazama ni jambo jingine, nasi leo tutasema habari za huko kutazama.

Wako watu katika nchi nyingi ambao wamefanya kuchungua chenji kuwa starehe yao. Hawanunui sarafu za kale kwa bei kubwa, bali hungoja zije zenyewe mikononi mwao. Jioni hukaa mezani, wakageuza kila sarafu, wakasoma mwaka wake, na jina lililoandikwa, na alama zake ndogo ndogo. Ile iliyo ngeni huiweka kando, na nyingine huzirudisha sokoni kesho yake. Starehe hii haina gharama, kwa kuwa sarafu isiyotakiwa hutumika kwa thamani yake ileile. Nasi tulio katika Afrika ya Mashariki tuna bahati kubwa katika jambo hili, maana katika muda usiofika miaka 90, tangu 1882 hata 1966, nchi zetu zilipokea fedha za sultani, za makampuni, za Wajerumani, za Waingereza, na mwisho fedha zetu wenyewe. Kila mtawala alipoondoka, sarafu zake zilibaki nyuma.

Natuanze na zile zinazopita mikononi siku hizi. Mtu akipokea chenji nchini Kenya aweza kuona katika kiganja kimoja sarafu yenye sura ya Mzee Jomo Kenyatta, na nyingine yenye sura ya Rais Moi, na ya tatu isiyo na sura ya mtu bali ya mnyama. Hiyo ya tatu si pambo tu. Katiba ya mwaka 2010 ilikataza sura ya mtu yeyote isiwekwe katika fedha, na kwa hiyo sarafu zilizotolewa Desemba 2018 zilipewa wanyama: twiga katika shilingi 1, kifaru katika shilingi 5, simba katika shilingi 10, na ndovu katika shilingi 20. Basi mtoto wa shule akizipanga mezani kwa miaka yake, atakuwa amepanga historia ya taifa lake bila kufungua kitabu. Na kama ana bahati atapata sarafu ya shilingi 40. Hiyo ni ngeni kwa jina lake, maana hapana mtu anayehesabu fedha kwa arobaini. Ilitolewa mwaka 2003 kuadhimisha miaka 40 ya uhuru, nayo ina sura ya Rais Mwai Kibaki.

Katika Tanzania vilevile, sarafu za kwanza za taifa zilikuwa za mwaka 1966, zenye sura ya Mwalimu Nyerere upande mmoja. Upande wa pili, senti 5 ilikuwa na samaki, senti 20 ilikuwa na mbuni, senti 50 ilikuwa na sungura, na shilingi moja ilikuwa na mkono ulioshika mwenge. Hizo hazinunui kitu tena. Lakini hazikufa zote. Nyingi zimelala katika makopo, katika mitoto ya meza, na katika visanduku vya cherehani, pamoja na vifungo na sindano zenye kutu.

Hapo ndipo tunapopenda kuwaonyesha wasikilizaji wetu mahali pazuri pa kutafuta. Kila mwenye duka mzee ana kopo au chupa ambamo hutia sarafu alizopewa kwa makosa: sarafu ya nchi jirani, sarafu iliyoondolewa, sarafu ambayo mnunuzi mwingine aliikataa. Kwake yeye kopo hilo ni hasara. Mwombeni kwa adabu awaruhusu kulitazama, na mkipenda kitu kilichomo, mlipeni. Kadhalika waulizeni makondakta wa mabasi, na wale wanaohesabu sadaka, maana sarafu iliyokataliwa sokoni mara nyingi hukimbilia huko.

Sasa tuseme habari ya sarafu moja ambayo wengi wenu mmepata kuiona bila kuifahamu, nayo ni senti 10 yenye tundu katikati. Senti za tundu zilitumika katika nchi zetu kwa miaka mingi, na watu walizitunga katika uzi ili zisipotee. Mkipata mojawapo, someni maandishi yaliyozunguka tundu, kisha tazameni mwaka. Mkiona mwaka 1936 pamoja na jina EDWARDVS VIII, simameni kidogo.

Mwaka huo Uingereza ilikuwa na wafalme watatu. Mfalme George V alifariki Januari 20. Mwanawe, Edward VIII, alirithi, lakini alijiuzulu Desemba 11 kabla ya kuvikwa taji, naye nduguye akawa George VI. Katika Uingereza yenyewe hazikutolewa kwa watu sarafu zenye sura ya Edward, kwa kuwa zilikuwa bado zikitengenezwa alipokiacha kiti. Lakini senti zetu za 5 na za 10 zilikuwa na tundu mahali ambapo sura ingekaa. Hazikuhitaji kungoja picha ya mfalme. Jina na taji vilitosha. Basi zilipigwa kwa wingi, zikaletwa huku, zikatumika. Ndivyo ilivyokuwa kwamba mchuuzi wa samaki wa Lamu, au mkulima wa Moshi, alipokea katika chenji yake jina la mfalme ambalo mwenyeji wa London hakulipata katika chenji yake kamwe. Ni kweli kwamba Afrika ya Magharibi na Fiji nazo zilikuwa na sarafu za namna hiyo, na kwa sababu hiyohiyo ya tundu.

Tena senti hizo zina herufi ndogo ambazo macho ya haraka hayazioni. Herufi H ni alama ya kiwanda cha Heaton, na KN ni alama ya Kings Norton, vyote viwili vya mji wa Birmingham. Lakini katika sarafu za miaka ya Vita Kuu ya Pili mtaona I, maana yake zilipigwa Bombay, mji uitwao sasa Mumbai, au SA, maana yake zilipigwa Pretoria. Uingereza ilikuwa vitani, na kazi ya kupiga fedha zetu ikagawanywa kwingine. Vita nzima imeandikwa pale kwa herufi isiyozidi ukubwa wa mbegu ya ufuta.

Shilingi ya Afrika ya Mashariki, ile yenye simba na milima nyuma yake, nayo ina habari zake. Zile za tangu 1921 hata 1946 zina robo ya fedha halisi ndani yake. Zile za tangu 1948 hazina fedha hata kidogo. Na katika maandishi ya zile za kwanza mfalme aitwa pia Mtawala wa Uhindi, kwa kifupi IND. IMP. Mwaka 1947 Uhindi ikapata uhuru, na katika shilingi za 1948 maneno hayo hayapo. Mwisho, tafuteni senti 5 na senti 10 za mwaka 1964. Zilitolewa baada ya uhuru na kabla nchi zetu hazijatoa sarafu zake zenyewe mwaka 1966, nazo hazina jina la mfalme wala la malkia. Ni sarafu za wakati ambapo mlango mmoja ulikuwa umefungwa na wa pili ulikuwa haujafunguliwa.

Zipo nyingine zilizo kuukuu zaidi. Pesa ya shaba ya Sayyid Barghash wa Unguja ina mizani upande mmoja, na mwaka 1299 kwa tarakimu za Kiarabu. Pesa ya Mombasa ya mwaka 1888, iliyotolewa na kampuni ya Waingereza, nayo ina mizani. Pesa ya kampuni ya Wajerumani, ya miaka 1890 hata 1892, ina tai upande mmoja na maandishi ya Kiarabu upande wa pili. Mtu asiyejua hesabu ya Hijra asikate tamaa. Na aondoe tatu katika kila mia, kisha aongeze 622. Katika 1299 ataondoa 39, itabaki 1260. Akiongeza 622 atapata 1882. Hesabu hiyo yaweza kukosa kwa mwaka mmoja, lakini yatosha kwa kuanzia.

Kisha mwaka 1904 Wajerumani waliacha kuigawa rupia kwa pesa 64, wakaigawa kwa heller 100. Vita Kuu ya Kwanza ilipokuja, manowari za Waingereza zilizuia bahari na sarafu hazikuweza kuletwa kutoka Ulaya. Basi mwaka 1916, katika karakana ya reli huko Tabora, walipiga sarafu zao wenyewe. Walipiga heller 5 na heller 20 kwa shaba, yakiwamo maganda ya risasi zilizokwisha kupigwa, na chini ya mwaka wakaweka herufi T. Kwa dhahabu ya Sekenke walipiga rupia 15, yenye ndovu ainuaye mkonga. Mnamo Septemba 19 mwaka huohuo majeshi ya Wabelgiji yaliingia Tabora, na kazi hiyo ikawa imekwisha. Ile ya dhahabu msiitarajie katika chenji. Lakini heller 20 ya Tabora, iliyopigwa kwa haraka na mara nyingi si ya duara kamili, bado huonekana katika makopo ya wazee.

Hapo, wasikilizaji wetu, yatupasa kukiri kosa letu wenyewe. Tulipokuwa watoto, bibi yetu alifungua pindo la kanga yake akatupa pesa moja nyeusi ya mizani, ambayo yeye alipewa na mama yake. Tulifurahi sana, tukaona aibu kwamba ni nyeusi. Basi tulikwenda uani, tukaisugua kwa majivu na ndimu, kisha kwa mchanga, mchana mzima, hata iking'aa kama kitu kipya. Jioni tukampelekea ili atusifu. Aliichukua, akaipapasa kwa kidole gumba huku na huku, maana macho yake yalikuwa yamepunguka, akasema: “Wajukuu zangu, mmeiosha vizuri, lakini uso wake mmeuondoa.” Nasi tulipoitazama tuliona ni kweli. Mizani ilikuwa kama kivuli, na mwaka haukusomeka.

Lakini hilo halikuwa kosa kubwa kuliko yote. Kosa kubwa ni kwamba hatukumwuliza mama yake aliipata wapi, wala aliuza nini akalipwa pesa ile, wala kwa nini hakuitumia. Tulidhani kesho ipo. Bibi alipofariki alikwenda na habari hiyo, nasi tukabaki na kipande cha shaba kinachong'aa, kisichosema neno. Hata leo tunacho.

Kwa hiyo twawapeni mashauri mawili. La kwanza: msisugue sarafu ya kale. Weusi ule si uchafu, ni ngozi yake, na mwenye kuiondoa haiwezi kurudi. Kama ina udongo, iloweni katika maji safi, kaukisheni kwa kitambaa laini pasipo kusugua, kisha itieni katika bahasha ya karatasi kavu. Ishikeni kwa ukingo, maana jasho la vidole huila shaba polepole.

La pili: andikeni. Andikeni juu ya bahasha siku mliyoipata, na mji, na duka au mtu aliyewapa, na maneno aliyosema. Kama ni mzee wa nyumbani, mwulizeni leo, msingoje. Tutawapa mfano wa faida ya kuandika. Mwaka 1944 askari mmoja wa Australia aliokota sarafu 9 katika mchanga wa visiwa vya Wessel, kaskazini ya nchi ile. Hakujua ni za nini, lakini alizitia katika kopo, na katika ramani akaweka alama mahali alipoziokota. Mwaka 1979, alipozipeleka zikachunguzwe, ilionekana kwamba 4 ni za Waholanzi, na 5 ni sarafu za shaba za masultani wa Kilwa, umbali wa kilomita 10,000 hivi kutoka nyumbani kwao. Zilifikaje huko? Wataalamu wangali wanabishana. Lakini wanaweza kubishana kwa sababu mtu mmoja alikumbuka kuweka alama katika ramani. Bila ya alama ile, zingekuwa shaba tupu kama pesa yetu.

Yafaa pia tuseme maneno ya kuonya. Kwanza, msiamini kila uvumi wa kwamba sarafu fulani yauzwa mamilioni. Senti ya Edward yenye tundu ina habari nzuri, lakini zilipigwa kwa wingi, na bei yake ni ndogo. Mtu akija mlangoni na kudai malipo kwanza ili awauzie sarafu yenu kwa tajiri wa ng'ambo, mfungieni mlango. Pili, kutafuta katika chenji ni halali, bali kuchimba katika magofu si halali. Sarafu zilizomo ardhini Kilwa au Gedi ni mali ya taifa zima, na mwenye kuzichimba bila ya ruhusa huvunja sheria, tena hufuta ile alama ya ramani tuliyoisema. Mkikuta sarafu imefunuliwa na mvua mahali kama hapo, waambieni watu wa makumbusho.

Labda mtu atauliza, faida ya haya yote ni nini, na siku hizi watu wengi hulipa kwa simu bila ya kushika sarafu hata moja? Nasi twajibu kwamba hiyo ndiyo sababu ya kufanya haraka. Chenji inapungua. Dukani mtu hupewa peremende badala ya sarafu, au hurudishiwa baki yake kwa simu, na lile kopo la mwenye duka hutupwa siku duka linapopakwa rangi upya.

Lakini tazameni ajabu hii. Fedha hiyo ya simu iliyoanza Kenya mwaka 2007 yaitwa M-Pesa, na pesa ni ile ya Barghash yenye mizani, ambayo jina lake lilivuka bahari kutoka Uhindi. Na Mtanzania asemapo, “Sina hela,” anaitaja heller ya Wajerumani, ingawa pengine hajapata kuiona maishani mwake. Madini yamekwenda, majina yamebaki vinywani. Majina yalibaki kwa kuwa watu waliendelea kuyasema. Habari za sarafu nazo zitabaki kwa namna hiyohiyo, nazo zisiposemwa zitakwenda na wazee wetu, kama ya bibi yetu ilivyokwenda.

Basi usiku huu, kabla hamjalala, mwageni mezani chenji yote iliyomo nyumbani. Waiteni watoto, mpeni kila mmoja fungu lake, na kila mmoja asome mwaka na jina. Yawezekana hamtapata kitu kigeni. Lakini kama yupo mzee katika nyumba, atasogea karibu na meza, ataichukua mojawapo, atasema, “Tulipokuwa watoto, kwa hii tulinunua...” Hapo iacheni sarafu mezani, mtafute kalamu.